Makaa ya mawe kwa treni ya Lamu?

Sheikh, umeuliza kama reli ya LAPSSET (mradi wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia) ikijengwa hadi Lamu treni zaweza kutumia makaa ya mawe. Kwenda zitakwenda, lakini hesabu haikubali. Injini ya mvuke hugeuza asilimia 6 hadi 8 tu ya joto lake kuwa mwendo. Ya dizeli hupita 30. Kazi ya lita 1 ya dizeli itakula kilo 6 au 7 za makaa.

Kubwa zaidi ni maji. Kila kilo ya makaa hugeuza lita 6 hivi kuwa mvuke, na mji wa Lamu wenyewe wategemea visima vya michanga ya Shela! Ukitia maji ya chumvichumvi, boila hutoa povu, maji yakaingia kwenye silinda na kuvunja kifuniko. Magamba ya chumvi za maji nayo huganda kwenye mirija, chuma kikapata moto kupita kiasi, mirija ikavuja. Majivu yakiyeyuka huziba chaga za tanuri, moto ukafifia njiani.

Hata zile injini kubwa za mvuke aina ya Garratt, za daraja la 59, zilizovuta mizigo Mombasa hadi Nairobi kuanzia 1955, zilichoma mafuta mazito, si makaa.