Maswali na Majibu: Ute mwekundu kwenye tangi si mwani

Shikamoo fundi. Tangi langu la samaki wa maji ya chumvi linaota mwani mwekundu. Nausafisha Jumamosi, Jumatano umerudi. Nifanyeje? (Mikindani)

Marahaba. Mwani ni ule wanaoulima akina mama wa pwani yetu. Huo wako ni sainobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mmea. Utawajua ukiubandua: unatoka kipande kizima kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na viputo vya oksijeni vimenasa ndani yake.

Unaondoa ute, unaacha kinachoulisha. Niliwahi kuitwa nyumba moja Ligula kwa shida hiyohiyo. Nikainua jiwe la nyuma, nikakuta dagaa waliooza na tope jeusi la unene wa kidole, na pampu inasukuma maji upande mwingine kabisa. Hapo utasugua mpaka lini?

Fyonza ute kwa mpira pamoja na tope la chini, usiusugue ukasambaa. Geuza pampu maji yapite pale unapoota. Badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji kila wiki. Lisha kinachoisha ndani ya dakika 2 tu, na dagaa walioganda wasuuze kwanza, maana yale maji yao yamejaa fosfeti, mbolea inayolisha ute. Fanya hivyo mwezi mzima bila kuruka wiki.

Jirani kaniambia niponde vidonge vya erithromaisini. Ni kweli vinaua? (Ligula)

Vinaua, na ndiyo maana naogopa. Hii ni barua ya tatu kuhusu vidonge hivyo, na hakuna hata mmoja aliyeniambia analisha mara ngapi kwa siku. Dawa inaweza kuua pia bakteria wema wanaogeuza amonia, sumu wanayotoa samaki, kuwa naitreti isiyo kali. Ute uliokufa nao unaoza, unakula oksijeni, na asubuhi unakuta samaki wanahema juu ya maji. Chakula kilichousababisha bado kipo, kwa hiyo utarudi. Halafu hiyo ni dawa ya watoto wetu wanapougua. Tukiimwaga ovyo, vimelea vinaizoea.

Konokono gani anakula ute huu? (Lindi mjini)

Usimtegemee yeyote. Na jongoo bahari usimtie: akifia humo anaweza kutoa sumu ikaua samaki wote.

Nachota maji Shangani. Yanafaa? (Mtwara)

Yanafaa ukichagua wakati. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mfereji, na kamwe usichote baada ya mvua kubwa, kwa kuwa yanabeba uchafu wa mji mzima. Ukiwa huko, matumbawe hai yaache. Mnazi Bay, jirani na Mtwara, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na tumbawe linalong'olewa leo mjukuu wako hataliona limerudi.

Maji yakipungua naongeza ya bahari, sawa? (Mtwara)

Hapana! Nimeshalijibu hili mara nyingi. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Ongeza maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa. Ya kisima yaache, hasa kisima kilicho karibu na choo, yanaweza kuwa na naitreti, nayo hulisha ute.

Nikizima taa siku tatu? (Masasi)

Inasaidia, lakini baada ya kufyonza. Funika tangi kwa kanga nzito, badilisha maji siku ya nne, na pampu ya hewa isizimwe hata saa moja.