Barua kwa mwanangu: kile kidoti ulichokiona mbele ya nyumba yangu

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma jana usiku nimetoka shifti, nikaisoma tena asubuhi na chai, nikaona hii sio ya kujibu kwa voisi noti nikiwa kwenye gari, acha nikae niandike. Unauliza hivi: "Mama, hapo kijijini kwako kuna usalama kweli? Nimeangalia ramani ya polisi nimekuta kidoti mbele ya nyumba yako kimeandikwa ukatili na makosa ya kingono, na websaiti nyingine inasema uhalifu wenu uko juu kuliko mtaani kwangu Birmingham." Na najua unauliza kwa sababu umepata ile kazi ya shule huku Norfolk, mashariki ya Uingereza, na unataka kuja na mtoto, Idrisa. Haya, ntakujibu yote, hata usiyoyauliza.

Kidoti kwanza maana najua ndicho kilichokunyima usingizi. Ile ramani ya polisi, ipo tangu 2011, haikuonyeshi nyumba ambayo kitu kimetokea, wanaficha makusudi ili aliyeumizwa asijulikane. Wameshapanga vituo vyao kwenye ramani, ni nukta tu sio vituo vya polisi, kila kituo lazima kikusanye anwani nane au zaidi, au kiwe mahali pasipo na nyumba kabisa, halafu tukio linasogezwa kwenye kituo kilicho karibu. Sasa huko kwako Birmingham anwani nane ni ngazi moja ya ghorofa. Huku kwetu anwani nane unaanza mlangoni kwangu unapita kanisa unapita kwa mwenye farasi mpaka uone bango la kijiji kinachofuata. Hicho kidoti kinaweza kuwa kitu kilichotokea kule baa ya barabara kuu, kimeletwa kukaa mlangoni kwangu. Na hilo jina linatisha kwa sababu wameweka kila kitu kwenye kapu moja, kuua mtu yumo, kubaka yumo, na aliyemtumia mtalaka wake meseji za vitisho yumo, na aliyemsukuma mwenzie baa bila hata kumwachia alama naye yumo. Sisemi ni mambo madogo, nasema kwa kuangalia kidoti huwezi kujua ni lipi.

Halafu hiyo namba ya websaiti. Wanapiga hesabu kwa kila watu 1,000, sasa sisi hapa hatufiki hata 400. Chukua kijiji cha watu 300, yatokee matukio 30 mwaka mzima, karatasini inakuja 100 kwa kila 1,000, mtu akisoma anadhani huku ni vita. Na humo ndani utakuta gari la watu waliokuja kutembea mashambani limevunjwa kioo, hao watu sio wa hapa lakini tukio limehesabiwa juu yetu. Kijana mmoja akivunja shedi sita usiku mmoja basi kijiji kinapanda chati, mwaka unaofuata amekamatwa au kahama, kijiji kinaonekana kama peponi. Watu ni wale wale. Kwa ujumla takwimu za serikali zinaonyesha uhalifu vijijini uko chini kuliko mijini, hilo lichukue, lakini usichague pa kulala mtoto kwa hiyo namba ya kijiji kimoja, haibebi uzito huo.

Wizi upo, ila wa huku una sura yake. Wanakuja usiku na gari, wanachukua pikipiki za magurudumu manne za wakulima, wanang'oa vile vifaa vya GPS kwenye matrekta, wanabandua mabati ya madini ya risasi kwenye paa la kanisa wakauze chuma chakavu. Wengine wanaingia mashamba ya watu na mbwa kuwinda sungura pori na kuwekeana dau, hao ndo wakulima wanawaogopa hasa maana ukiwazuia wanatishia. Na wanaiba mafuta. Huku kwetu hakuna bomba la gesi, kila nyumba ina tangi uani la mafuta ya kupashia joto, na ni mafuta ya taa yale yale tuliyokuwa tunapima kwa chupa Tanga, wewe ulikuwa ukitumwa dukani na shilingi mkononi. Mwaka juzi jirani yangu aliamka baridi kali nyumba imekufa ganzi, kwenda kuangalia tangi limenyonywa lote, mpira umeachwa kwenye majani. Mimi langu nimelifunga kufuli na nimeweka taa inayowaka mtu akipita.

Lakini pia pale njia panda kuna meza ya mbao, mayai sita sita kwenye boksi na kopo lililotobolewa juu, unaweka hela unachukua mayai unaenda zako, mwenyewe hayupo. Nimeishi hapa miaka kumi na nne ile meza haijawahi kuondolewa. Vyote viwili ni kweli hapa hapa, kufuli la tangi na kopo la mayai, usije ukachukua kimoja ukaacha kingine.

Polisi wako mbali. Ukisikia mtu anasema polisi wa kijiji anazungumzia zamani. Kulikuwa na wale wasaidizi wa polisi wanaotembea mitaani, Norfolk ndo walikuwa wa kwanza kuwaondoa wote, 2018, wakasema hela iende kwenye polisi kamili. Wazee ninaowahudumia bado wanasimulia ile kesi ya Emneth Hungate, huku huku Norfolk, Agosti 1999, mkulima aliyekuwa anaishi peke yake alipiga risasi wezi wawili walioingia nyumbani kwake usiku, mmoja kijana wa miaka 16 akafa. Kwanza alihukumiwa kwa mauaji, rufaa ikageuza ikawa kuua bila kukusudia, akatoka 2003. Mpaka leo ukiitaja kwenye chai ya kanisa watu wanagawanyika. Mimi nikiisikia namfikiria yule mtoto, na nafikiria pia mtu kukaa peke yake gizani miaka anasubiri wezi mpaka akili inaota bunduki. Upweke wa huku ni kitu mwanangu, uuweke kwenye hesabu zako.

Kinacholinda hapa ni macho ya watu. Hii mambo ya majirani kulindana kwa mpango na vibandiko dirishani ilianza Uingereza kwenye kijiji kidogo kama hiki, Mollington kule Cheshire, 1982. Sasa macho haya yana pande mbili na mimi nimezionja zote.

Sikuwahi kukusimulia vizuri. Msimu wa baridi wa kwanza, nilikuwa na mzee wa kuamsha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza totoro, ufunguo wake unakaa kwenye kiboksi cha namba pembeni ya mlango. Nimeinama na tochi ya simu mdomoni nabonyeza namba, nasikia taa ya gari mgongoni. Polisi wawili. Mtu kawapigia kwamba kuna mtu mweusi anavunja nyumba ya mzee. Nilikuwa na yunifomu ndani ya koti, beji shingoni, mikono inatetemeka nikashindwa hata kufungua zipu kuwaonyesha. Waliniuliza maswali barazani mpaka mzee mwenyewe akaja na kigongo chake akawaambia huyu ndo ananipa uji. Wakaomba radhi wakaondoka. Nililia bafuni kwake maji yakiwa wazi asinisikie. Aliyepiga simu nilikuja kumjua, na mimi sikumwambia kitu miezi, nampita tu.

Halafu 2024, wale mabinti watatu walipouawa Southport mwisho wa Julai na ghasia dhidi ya wahamiaji zikazuka, Rotherham, Hull, Sunderland, hoteli zinachomwa moto na watu ndani, wewe ulinipigia mara nne kwa siku unakumbuka. Yule yule jirani aliyenipigia polisi alikuja kugonga mlango. Alisimama tu kwanza, kofia mkononi, akasema kesho ukienda mjini dukani ntakuendesha mimi, na keshokutwa, mpaka yatulie. Aliniendesha siku tisa. Ile asubuhi ya kibarazani hatukuizungumza na hatujaizungumza mpaka leo. Kwa hiyo Idrisa akija atakuwa mtoto mweusi peke yake darasani au wawili, wataangaliwa, kuna siku atasikia neno, na kuna siku hao hao wataona baiskeli yake imeanguka mtaroni na watakuwa wa kwanza kukimbia. Huko Birmingham hajulikani na hasumbuliwi. Hapa atajulikana mpaka rangi ya soksi. Lipime hilo wewe na yeye, sio mimi.

Sasa ninachokiogopa mimi. Barabara.

Njia zetu hazina pembeni ya waenda kwa miguu, hazina taa hata moja, kuna ua wa miti pande zote mbili na mtaro, na sheria inaruhusu maili 60 kwa saa, kama kilomita 96 hivi, kwenye njia ambayo magari mawili hayapishani vizuri. Zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani nchi hii wanafia kwenye barabara za mashambani, sio mjini. Kuanzia Septemba mpaka kama Februari malori yanabeba bitiruti za kutengenezea sukari kwenda viwandani, Cantley na Wissington, yanaacha tope barabarani linateleza kama sabuni. Mwezi wa kumi na mbili jua linazama saa tisa na dakika arobaini mchana, mtoto anatoka shule kushaanza kuwa giza. Mwezi uliopita natoka kwa mgonjwa nimemkuta mvulana anatembea peke yake na koti jeusi, begi jeusi, nimemwona yuko mbele ya boneti, nimekanyaga breki gari ikayumba mpaka kwenye majani. Alikuwa na vidude vya muziki masikioni, hakugeuka. Nilikaa mle ndani moyo unadunda nikimwona Idrisa.

Kwa hiyo anatembea upande wa kulia, anaangaliana na magari, hivyo ndo kanuni ya barabara inavyosema pasipo na njia ya miguu. Koti la kung'aa sio hiari. Na uliza mapema halmashauri kuhusu basi la shule, mtoto wa miaka minane na kuendelea akikaa zaidi ya maili tatu kutoka shule ya karibu inayomfaa wanampa usafiri bure, na hata ikiwa karibu zaidi lakini njia sio salama kwa kutembea wanatakiwa kumpa. Usikubali jibu la kwanza kwenye simu, andika barua pepe.

Cha pili ni simu ya mezani. Wezi wa kijiji hiki wengi hawajawahi kufika kijiji hiki. Bibi mmoja ninayemhudumia alipigiwa na mtu anajiita askari, akamwambia kadi yako ya benki inatumika na wahalifu, itie kwenye bahasha na namba ya siri, tunatuma mtu aichukue. Nimefika nimemkuta amevaa vizuri, lipstiki, bahasha mapajani, anamsubiri huyo askari. Kama ningechelewa dakika kumi. Nikamwekea namba 159 ukutani kwa herufi kubwa, hiyo inakuunganisha na benki yako ya kweli. Wewe pia iweke, usidhani ni ya wazee tu.

Kuhusu mtoto na watu, ntasema mara moja. Soham iko hapo Cambridgeshire, mji mdogo watu wanajuana, Agosti 2002 mabinti wawili wa miaka kumi walitoka kutembea wakauawa na mtu anayefanya kazi shuleni, watu walimzoea. Ile cheki ya DBS, ya kuangalia kama mtu ana rekodi ya uhalifu, niliyosubiri wiki kadhaa kabla ya kugusa mgonjwa, na wewe utaifanya kabla ya kuanza hiyo kazi, ilikazwa baada ya kesi ile. Hapa watu watakwambia "oo huyo tunamjua wote." Mpende kila mtu, salimia kila mtu, lakini Idrisa asiingie nyumba ya mtu kwa sababu tu anajulikana.

Na mtandao wa simu huku unakatika. Ukipiga 999 ya dharura simu inatafuta mtandao wowote uliopo hata kama sio wako, kwa hiyo jaribu tu. Kama huwezi kuongea, uko kwenye simu ya mkononi, subiri ukiambiwa ubonyeze 55, bonyeza wakuunganishe na polisi. Na leo, kabla hujasahau, tuma neno register kwenda 999 ufuate maelekezo, ndo utaweza kuwaomba msaada kwa meseji, bila kujiandikisha haifanyi kazi.

Swali lako sasa, kuna usalama? Mimi nalala usingizi hapa. Nyumba yangu haijawahi kuingiwa. Ningependa mje, Mungu anajua ningependa, chumba cha nyuma nimeshakitoa maboksi. Lakini usije kuangalia mwezi wa sita wakati maua yamejaa na jua linazama saa tatu na dakika ishirini hivi usiku, kila mtu anahamia huku mwezi wa sita. Njoo mwisho wa Oktoba shule zikifungwa wiki ile, saa zinarudishwa nyuma, baridi imeanza na malori yapo njiani. Tutatembea mimi na wewe na Idrisa kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha ndo vizuri zaidi, halafu yeye mwenyewe atuambie.

Nimeshamnunulia koti, la njano lina mistari ya fedha, size ya miaka kumi maana mikono yake mirefu. Niambie kama kiatu bado ni namba mbili.

Mama yako