Samansi inasema shauri "litatajwa". Je, nisubiri siku ya kusikilizwa?

SWALI: Nimeletewa samansi ya Mahakama ya Wilaya hapa Tanzania, pamoja na hati ya madai. Nimeandikwa "mdaiwa wa kwanza", shauri "litatajwa" mwezi ujao, na nisipowasilisha utetezi litasikilizwa "upande mmoja". Jirani ananiambia kutajwa siyo kesi yenyewe, nisubiri. Na je, kusaini samansi ni kukiri deni?

JIBU: Usisubiri. Jirani yako yuko sahihi kwa nusu tu: siku ya kutajwa mashahidi hawatoi ushahidi, mahakama huangalia shauri limefikia wapi na kupanga hatua inayofuata. Lakini kama samansi yako ni ya kuwasilisha utetezi, siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi zinahesabiwa tangu ulipoipokea, wala hazingoji tarehe ya kutajwa. Tazama tarehe uliyosaini, uhesabu kuanzia hapo. Zikikupita, unaweza kuomba kuongezewa muda ndani ya siku 7 baada ya kuisha, ukiwa na sababu ya msingi, na nyongeza yenyewe ni siku 10 tu. Ukikaa kimya, mdai anaweza kuruhusiwa kuthibitisha madai yake bila wewe kuwepo. Huko ndiko kusikilizwa upande mmoja, na hukumu yake inakazwa kama hukumu nyingine yoyote: mali inaweza kukamatwa na kuuzwa.

Kusaini ni kukiri kwamba umeipokea, basi. Kukataa hakusaidii, kwa sababu nakala inaweza kubandikwa mlangoni kwako na ikahesabika umepewa.

Neno "mdaiwa" lisikutishe. Mtaani ni mwenye deni. Mahakamani ni yeyote aliyefunguliwa shauri la madai, hata kama ni la fidia ya ajali na hakukopa shilingi. "Wa kwanza" ni mpangilio wa majina tu. Mshtakiwa ni wa kesi ya jinai, jambo jingine kabisa.

Wengi huharibu kwenye utetezi wenyewe. Wanaandika "nakana madai yote", wanamaliza. Jibu aya kwa aya ukifuata namba za hati ya madai, kwa kuwa dai ambalo hukulikana waziwazi linaweza kuchukuliwa kuwa umelikubali. Ambatanisha risiti na mkataba, weka uthibitisho uliosainiwa mwishoni, yaani maneno kwamba uliyoandika ni kweli. Kama wewe ndiye unayemdai aliyefungua shauri, ongeza madai kinzani humo humo.

Kwa Mahakama ya Mwanzo kanuni ni nyingine. Hesabu hii usiipeleke huko.