Kabla hujasema mtoto wako hana akili

Mtoto akishika mkia darasani, huku kwetu Mwanza utamsikia mzazi: "Huyu kichwa kigumu, bora aende ziwani akatafute hela." Ninawatunzia hesabu wafanyabiashara wa dagaa Mwaloni, Kirumba, na kauli hiyo naisikia mara kwa mara. Inaniuma. Tunaamini akili ndiyo inayompeleka mtoto shule, tunasahau kwamba shule nayo inaijenga akili. Mwaka 2018 watafiti Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob walijumlisha tafiti zilizohusu watu zaidi ya 600,000, wakakuta kila mwaka wa masomo unapandisha matokeo ya vipimo vya akili kwa alama 1 hadi 5. Ukimtoa darasa la sita kwa sababu "hana akili", umemnyima dawa kwa kuwa anaumwa.

Kwenye kipato, wachumi George Psacharopoulos na Harry Patrinos walipata kwamba, kwa wastani wa dunia, kila mwaka wa shule unaongeza kipato kwa karibu asilimia 9. Huo ni wastani tu. Kuna mama mmoja ninayemtunzia hesabu, aliishia la saba. Anazamisha mkono kwenye gunia, anasugua dagaa kiganjani, anakuambia walianikwa kwenye chanja au mchangani, na bei anaipiga kichwani kabla sijatoa simu mfukoni. Anawazidi kipato wahitimu wengi wa chuo. Ila wanaomtolea mfano husahau kwamba mtaji na wateja alirithi kwa mama yake, na wanawe wote anawasomesha. Kijana asiye na mtaji wala mtu wa kumshika mkono, cheti ndicho kinachomsemea kwa mwajiri asiyemjua.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoishi kwa dagaa, tengeni hela ya sare na madaftari wakati wa giza, usiku usio na mwezi ambapo dagaa wanavuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala ufukweni, na shule haisubiri. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, mahitaji mengine bado ni yetu. Akifeli kidato cha nne, arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au aende VETA akasomee ufundi. Fundi injini mzuri hakosi kazi mwaloni. Binti aliyejifungua naye anaruhusiwa kurudi darasani tangu Novemba 2021. Mpeleke wewe mwenyewe kwa mkuu wa shule, maana ukimwacha aende peke yake, aibu inaweza kumrudishia getini.