Maswali yenu kuhusu Madurai na hekalu la Meenakshi

Nampeleka shangazi Madurai, kusini mwa India, kutibiwa macho. Tukipata nafasi tutembelee wapi?

Nendeni hekalu la Meenakshi, tena jioni. Kila usiku, mnamo saa tatu, makuhani huibeba sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu ambaye huko huitwa Sundareswarar, wakampeleka kwa machela hadi chumbani kwa mkewe, mungu wa kike Meenakshi. Ngoma zinapigwa, nzumari zinalia, ubani unafuka, watu wanasogea ukutani kupisha. Alfajiri hurudishwa kwake. Ukiliona hilo ndipo unapoelewa kuwa kwa watu wa Madurai hii ni nyumba yenye wenyewe, na mama mwenye nyumba ndiye anayetajwa kwanza.

Sisi ni Waislamu. Tutaruhusiwa kuingia?

Kumbini na uani, ndiyo. Vyumba vya ndani kabisa ni vya Wahindu peke yao. Viatu na simu vinaachwa nje, na msivae kaptura. Msikose Ukumbi wa Nguzo Elfu: ukizihesabu ni 985, zimechongwa kwa ustadi wa ajabu.

Ni kweli hekalu lina miaka elfu mbili?

Mji ndio wenye umri huo. Ulikuwa makao ya wafalme wa Pandya. Mwaka 1311 jeshi la Malik Kafur kutoka Delhi liliupora. Sehemu kubwa ya majengo mnayoyaona leo ni kazi ya watawala wa Nayak, karne ya 16 na 17, hasa Tirumalai Nayak. Minara ni 14, na ule wa kusini, mrefu kuliko yote, una takriban mita 52, umejaa sanamu za rangi kutoka chini hadi juu. Barabara za mji wa kale zinalizunguka hekalu mraba ndani ya mraba, nyingi zikiitwa kwa majina ya miezi ya Kitamil.

Twende mwezi gani?

Harusi ya Meenakshi husherehekewa Aprili au Mei, ila joto ni kali na umati ni mkubwa. Kwa mgonjwa, afadhali Januari.

Watu wa matabaka ya chini walikuwa wakiingia?

Walizuiwa hadi tarehe 8 Julai 1939. Siku hiyo wakili A. Vaidyanatha Iyer, yeye mwenyewe Brahmin, yaani wa tabaka la juu kabisa, aliingia na kundi dogo la Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa. Naiona siku hiyo kuwa kubwa kuliko mnara wowote pale. Wapinzani walichachamaa, na mwaka huohuo serikali ya jimbo la Madras ikapitisha sheria ya kuwalinda walioingia.