Graniti na mbale: tunajibu maswali yenu

Shambani kwangu Chunya kuna majabali makubwa ya graniti. Nikiyapeleka karasha nitapata dhahabu?

Hapana, utateketeza dizeli bure. Graniti ya kawaida ina miligramu 1 hadi 3 tu za dhahabu kwa tani. Lupa nako, eneo la dhahabu la Chunya, dhahabu haikutawanyika katika jabali zima. Majimaji ya moto yaliipitisha kwenye nyufa na kuiacha katika mishipa ya kwatzi, na pia katika kanda ambazo graniti na granodioraiti, mwamba jamaa yake, zilisagika. Achana na jabali zuri, gumu. Fuata mahali mwamba umechanika kama kurasa, feldispa, madini makuu ya graniti, imegeuka ulanga laini wa kijani-kijivu, na pairaiti, madini ya chuma na salfa, imeoza ikaacha vishimo vyenye kutu. Chukua sampuli ya mshipa peke yake, na ya ukuta wa kila upande peke yake. Wengi huchimba kwatzi nyeupe na kutupa ukuta wenye kutu, kumbe mali wakati mwingine iko humo.

Graniti za Iringa zinaweza kuwa na bati kama Kyerwa, Kagera?

Rangi ya jiwe haitakujibu; kemia yake ndiyo itakayokujibu. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyotokana na miamba ya matope, yenye oksijeni haba, huacha bati bila makao katika madini yanayoganda mwanzo. Bati hubaki kwenye uji wa mwisho pamoja na florini na boroni, kisha hujikusanya katika mishipa na pegimataiti, miamba yenye chembe kubwa. Oksijeni ikiwa nyingi, bati huingia kwenye madini kama titanaiti na baiotaiti, likatawanyika mwamba mzima.

Anza na sumaku iliyoning'inizwa kwa uzi. Ikivutwa waziwazi na jiwe, kuna magnetaiti, dalili ya oksijeni nyingi, na tumaini la bati hupungua. Jaribu kwenye jiwe bichi lililovunjwa sasa hivi, kwa sababu magnetaiti iliyooza hugeuka hemataiti na sumaku itakudanganya. Kisha omba maabara ipime rubidi, stronti, niobi na tantali. Rubidi ikizidi stronti mara 10 na zaidi, na niobi ikiwa chini ya mara 5 ya tantali, graniti hiyo inastahili kufuatiliwa. Sisitiza sampuli iyeyushwe kwa borati ya lithi, maana asidi peke yake huacha zirkoni na kasiteraiti, madini yenye bati, bila kuyeyuka. Na kinu cha kabidi ya tungsteni kisitumike: huchafua sampuli kwa tungsteni, kobalti na tantali.

Panda Hill ya Mbeya nayo ni graniti?

Siyo. Ni kabonataiti, mwamba wa magma wenye kabonati zaidi ya nusu, na niobi yake iko katika madini yaitwayo paikloro.

Jiwe moja, maabara mbili, majibu tofauti ya dhahabu. Nani kakosea?

Huenda hakuna. Punje moja nene ikiangukia kipimo cha gramu 30, jibu hupaa, ikikosekana, hushuka. Peleka kilo 3 hadi 5, zote zivunjwe hadi milimita 2 kabla ya kugawanywa, fungu lisagwe hadi mikroni 75, kisha zipimwe gramu 50 zake kwa kuyeyushwa motoni. Dhahabu ikionekana kwa macho, omba unga uchekechwe na punje nene zipimwe kando.