Jibu: ZX81 inafuta programu nikigusa kadi ya memori ya 16K

Mkuu, kama ukibonyeza kitufe kwa nguvu kazi yote inapotea na skrini inarudi kwenye ile herufi K ya mwanzo, usikimbilie kubadilisha chipu. ZX81, ile kompyuta ndogo ya nyumbani ya Sinclair, ina ugonjwa huo tangu 1981: kadi ya memori ya 16K (kilobaiti 16) inaning'inia nyuma ya mashine bila kushikiliwa na kitu, ikitikisika tu umekwisha.

Chomoa umeme kwanza. Usichomeke wala kuchomoa kadi mashine ikiwa na umeme, utaiua. Safisha meno ya shaba ukingoni mwa bodi, juu na chini, kwa alkoholi ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu. Ikauke, rudisha kadi, washa, kisha andika amri hii ya kuuliza memori inaishia namba gani:

PRINT PEEK 16388+256*PEEK 16389

Ukipata 32768, 16K zote zinaonekana, kwa hiyo shida ni mtikisiko. Ibane kadi na mwili wa mashine isicheze. Ukipata 17408, mashine inaona 1K yake ya ndani tu. Hapo shika mita ya kupimia volti. Kama kadi yako ni ya Sinclair yenye chipu za memori za aina ya 4116, inahitaji volti 12 na hasi 5 pia, na huzitengeneza yenyewe kutoka kwenye 9V ya adapta. Adapta ikichoka, kadi nayo inayumba. Lete vipimo hapa.